Koltani ya Masisi na chuma cha magari: nusu ya madini yetu isiyotajwa

Ndugu wasikilizaji wa Masisi na Walikale, na ninyi ndugu wahami mlioko Goma, Minova, Kitshanga na kwingineko, kuna neno tunalolisikia karibu kila siku: kwamba magari ya dunia nzima yangesimama kama koltani ya Rubaya ingekosekana. Wengine hulisema kwa majivuno. Wengine hulisema kwa uchungu, kwa sababu mtu aliyezaliwa juu ya kilima kile leo analala chini ya shiti, mvua ikinyesha.

Neno hilo lina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Ili tuutenganishe, inatupasa kufuata historia ya mambo mawili yaliyokutana: historia ya chuma kigumu cha magari, na historia ya madini ya kwetu. Tukiisha kuyafuata tutaona kwamba hasara yetu haikuanzia kwenye shimo tu. Ilianzia pia mahali ambapo watu wengine walijifunza kufanya kitu na madini hayo, sisi tukabaki kuyabeba mgongoni.

Muhunzi anajua zaidi kuliko tunavyodhani

Tuanze na kile tunachokijua. Muhunzi wa kijijini akitaka kutengeneza jembe zuri au panga la kudumu, hatafuti chuma cha dirisha. Anatafuta resori ya gari iliyovunjika. Ukimuuliza sababu, atakuambia: resori ni kali, haipindi ovyo, inashika makali. Hana mashini ya kupima, lakini hajakosea. Chuma cha resori kina kaboni nyingi kuliko chuma cha kawaida, kimechanganywa na silikoni au manganizi, na pengine kromu na vanadiumu kidogo. Kilitengenezwa kwa makusudi ili kibebe mzigo, kinyumbuke, kisha kirudi mahali pake.

Muhunzi huyo huyo anajua jambo la pili: moto una nguvu kuliko nyundo. Anapasha kipande mpaka kiwe chekundu, anakipiga, kisha anakitia katika maji au mafuta. Kikipoa ghafula kinakuwa kigumu sana, lakini pia kinaweza kuvunjika kama chupa. Kwa hiyo anakirudisha motoni kidogo ili kipunguze ukali. Chuma ni kile kile, uzito ni ule ule, lakini tabia imebadilika kwa sababu ya joto na muda.

Ujuzi huu ni wa zamani katika nchi za Maziwa Makuu. Kwa zaidi ya miaka 2,000 watu wa maeneo haya wameyeyusha mawe ya chuma kwa makaa na mivuo. Kule Buhaya, mkoani Kagera nchini Tanzania, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walifanya kazi na wazee waliokuwa bado wanakumbuka namna ya kujenga tanuru. Mwaka 1978 waliandika kwamba wahunzi wa Kihaya walikuwa wakipata chuma chenye kaboni, yaani chuma kigumu, kwa ufundi wao wenyewe. Baadaye majembe ya kiwandani yalikuja kwa meli na kwa kamio, bei ikawa ndogo, na matanuru yakazimika. Wahunzi walibaki kufua vyuma vikuukuu. Hapo ndipo ufundi wetu uliposimama, wakati kwingine ulikuwa unakimbia.

Chembe ndogo, nguvu kubwa

Chuma tupu ni laini. Ukitia kaboni kidogo kinakuwa kigumu zaidi. Kwa muda mrefu huo ndio ulikuwa ujanja mkubwa wa viwanda. Lakini kaboni ikizidi, chuma kinakuwa kikavu, hakikubali kukunjwa wala kuunganishwa kwa moto. Kwa gari hilo ni shida kubwa, kwa sababu mwili wa gari ni mabati yaliyokunjwa na kuunganishwa mamia ya mara.

Watengenezaji wa magari wakatafuta njia nyingine: kutia kiasi kidogo sana cha madini mengine. Huko Marekani, Henry Ford alipoanza kuuza gari lake la Model T mwaka 1908, alitumia chuma kilichotiwa vanadiumu katika sehemu zinazobeba mzigo. Gari likawa jepesi na bado likastahimili barabara mbaya za mashambani.

Baada ya vanadiumu ikaja niobiumu. Na hapa ndipo jina la kwetu linapoingia.

Neno koltani ni kifupi cha maneno mawili: kolombaiti na tantalaiti. Kolombaiti inatokana na kolombiumu. Mwaka 1801, Mwingereza Charles Hatchett alichunguza jiwe lililotoka Amerika akakuta kitu kipya ndani yake, akakiita kolombiumu. Mwaka uliofuata Anders Ekeberg wa Uswidi akapata kitu kingine kinachofanana nacho sana, akakiita tantali, kwa jina la mfalme Tantalus wa hadithi za Wagiriki. Kwa miaka zaidi ya 40 wataalamu walibishana kama ni vitu viwili au kimoja. Mwaka 1844 Mjerumani Heinrich Rose alionyesha kwamba ni viwili, na kile cha pili akakiita niobiumu, kwa jina la Niobe, binti wa Tantalus. Kolombiumu na niobiumu ni kitu kimoja chenye majina mawili. Baba na binti hukaa katika jiwe moja, na ni kazi ngumu kuwatenganisha.

Kwa hiyo mtu anayebeba kifuko cha koltani kutoka Rubaya anabeba madini mawili. Tantali inakwenda zaidi katika vifaa vidogo vya umeme: simu, kompyuta, na pia vile visanduku vya umeme vinavyoongoza injini na breki za magari ya kisasa. Niobiumu ndiyo rafiki wa chuma.

Niobiumu inafanya nini ndani ya chuma? Wakulima wa Masisi wataelewa haraka. Ukilima kwenye mteremko bila mitaro ya kuzuia mmomonyoko, mvua ikinyesha udongo wote unateleza mpaka bondeni. Ukichimba mitaro mingi, karibu karibu, udongo unateleza kidogo tu kisha unazuiliwa. Chuma nacho kimejengwa kwa chembe ndogo ndogo zilizoshikana. Kinapopinda, tabaka zake zinateleza ndani ya kila chembe mpaka zifike kwenye mpaka wa chembe nyingine. Chembe zikiwa kubwa, mteremko ni mrefu, na chuma kinapinda upesi. Chembe zikiwa ndogo, mipaka ni mingi, na chuma kinakataa.

Kiwandani, chuma kikiwa bado na moto mkali kinapitishwa kati ya magurudumu makubwa ili kiwe bati. Kwa joto lile chembe zinataka kukua. Niobiumu inashikana na kaboni, inatengeneza vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, na vitu hivyo vinazuia chembe zisikue. Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno: kwa kawaida hakifiki gramu 500 katika tani nzima ya chuma. Hesabu ya mama anayetia chumvi katika sufuria ya maharage ni hiyo hiyo: kidogo kinabadilisha chungu kizima.

Kwa nini Brazil na si Kivu?

Ujanja huu ulijulikana mapema, lakini niobiumu ilikuwa adimu na ghali. Ilipatikana zaidi pamoja na tini katika machimbo ya Jos, Nigeria, na kiasi fulani kilitoka Kongo ya Wabelgiji pamoja na tantali. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Marekani iliitafuta sana kwa ajili ya injini za ndege za jeti, hata ikawalipa wauzaji nyongeza juu ya bei ya soko ili ijaze maghala yake.

Kisha mambo yakageuka. Huko Araxá, katika jimbo la Minas Gerais nchini Brazil, palikuwa na kilima chenye madini yanayoitwa pirokloro. Pirokloro ina niobiumu nyingi na haina shida ya kuitenga na tantali kama koltani. Kampuni ya CBMM ilianzishwa mwaka 1955 kuchimba kilima hicho. Mwaka 1958 kampuni ya National Steel ya Marekani ikaanza kuuza mabati ya chuma chenye niobiumu kidogo. Mnunuzi akapatikana, mchimbaji akapatikana, bei ikashuka. Tangu wakati huo Brazil imekuwa ndiyo mama wa niobiumu. Leo karibu asilimia 90 ya niobiumu ya dunia inatoka huko, na sehemu kubwa sana ya hiyo inaingia katika chuma: cha mabomba ya gesi na mafuta, cha madaraja, cha majengo, na cha magari.

Hapa lazima tuseme ukweli hata kama hautufurahishi. Magari ya dunia hayangekosa chuma kigumu kama Rubaya ingefungwa kesho. Yangetikisika kwa upande wa vifaa vya umeme, kwa sababu tantali yetu ni sehemu kubwa ya ile ya dunia. Lakini kwa upande wa chuma, nafasi ile ilichukuliwa na Araxá zaidi ya miaka 60 iliyopita.

Na Brazil haikupata nafasi hiyo kwa kuwa na jiwe peke yake. CBMM haikukaa kungoja wanunuzi. Iliyeyusha madini hapo hapo Araxá, ikauza feroniobiumu, yaani niobiumu iliyokwisha kuchanganywa na chuma na iko tayari kutiwa katika tanuru. Ikatuma wataalamu kwenye viwanda vya chuma vya dunia kuwaonyesha gramu ngapi za kutia na kwa joto gani. Iliuza jiwe pamoja na ujuzi.

Bati linavyokuwa mlango wa gari

Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda ghafula duniani. Watengenezaji wa magari wakaambiwa: punguzeni uzito, gari linywe mafuta kidogo. Wakati huo huo serikali za Marekani na Ulaya zilikuwa zinadai magari yanayolinda abiria wakati wa ajali. Jepesi lakini lenye nguvu zaidi: hayo mawili hupingana. Chuma kigumu kikawa jibu, kwa sababu bati jembamba la chuma kigumu linafanya kazi ya bati nene la chuma laini.

Lakini chuma kigumu kinapigana na fundi. Bati laini ukiliweka kati ya kalibu mbili na kuligandamiza kwa mashini, linashika umbo, kama udongo katika kalibu ya matofali. Bati gumu likigandamizwa likiwa baridi linarudi nyuma kidogo baada ya mashini kufunguka, kama mwanzi uliopindwa. Mlango hautalingana na fremu yake. Ukilazimisha zaidi, linapasuka kwenye kona. Na kalibu zenyewe zinalika haraka. Viwanda vilitumia miaka mingi kujifunza kupinda kupita kiasi ili bati likirudi lifike mahali panapotakiwa, na kuchagua aina ya chuma kwa kila sehemu: laini kwa upande wa nje, gumu kwa mifupa ya ndani.

Njia nyingine ilitoka Uswidi, katika miaka ya 1970, na muhunzi wetu angeitambua mara moja. Kampuni iliyoitwa Plannja ilichukua chuma chenye boroni, gramu kama 30 tu kwa tani moja, ikakipasha moto mpaka zaidi ya digrii 900. Kikiwa bado chekundu na laini kama udongo, kikawekwa katika kalibu ambayo ndani yake maji baridi yanapita. Mashini ikafunga. Kwa sekunde chache bati lilipata umbo na kupoa hapo hapo. Moto, kupiga, kupoza ghafula: ni kazi ya ghushi, ila imefanywa na mashini kubwa inayopima kila sekunde. Mwanzoni chuma hicho kilitumiwa kwa misumeno na visu vya kukatia majani. Mwaka 1984 gari la Saab 9000 likawa la kwanza kutumia nondo za chuma hicho ndani ya milango, ili gari likigongwa ubavuni mlango usimwingilie abiria.

Tupime nguvu yake kwa kitu tunachokijua. Chukua waya wenye unene wa kama milimita moja. Ukiwa wa chuma laini cha zamani cha magari, utabeba kilo kama 30 au 35 kabla ya kukatika, chini ya mfuko mmoja wa simenti. Ukiwa wa chuma kilichopozwa ndani ya kalibu, utabeba karibu kilo 150, yaani mifuko mitatu ya simenti kwenye waya mmoja.

Kati ya mwaka 1994 na 1998, kampuni 35 za chuma kutoka nchi 18 zilishirikiana katika mradi ulioitwa ULSAB ili kuonyesha kwamba mwili wa gari wa chuma kigumu unaweza kupungua uzito kwa robo bila kupoteza usalama. Miaka hiyo ya 1994 hadi 1998, ndugu zangu, kila mzee wa Masisi na Walikale anaikumbuka kwa mambo mengine: vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1993, wakimbizi wa 1994, AFDL ya 1996, RCD ya 1998. Wakati wenzetu walipokuwa wanapima unene wa bati, sisi tulikuwa tunahesabu waliobaki.

Nafasi zilizopita mbele ya macho yetu

Isisemwe kwamba Kivu haikuwahi kuwa na nafasi. Kule Lueshe, wilaya ya Rutshuru, karibu kilomita 70 kaskazini ya Goma, kuna pirokloro, madini ya aina ile ile ya Araxá. Mwaka 1982 kampuni ya SOMIKIVU iliundwa kuyachimba. Sehemu kubwa ilikuwa ya kampuni ya Kijerumani ya GfE, na serikali ya Zaire ilikuwa na sehemu ndogo. Madini yalisafishwa kidogo hapa, kisha yakapelekwa Ulaya. Kufikia mwaka 1993 kazi ilikuwa imesimama kwa ajili ya fujo. Baadaye watu waligombania haki ya machimbo hayo, wenye silaha wakaingia, kazi ikaanza tena na kusimama tena. Hakuna tanuru la feroniobiumu lililojengwa Rutshuru.

Upande wa Walikale na Masisi kulikuwa na SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kampuni za wakati wa Wabelgiji. Ilichimba kasiterite, mawe ya tini. Mwaka 1985 bei ya tini ilianguka duniani na SOMINKI haikusimama tena vizuri. Tayari mwaka 1982 serikali ya Mobutu ilikuwa imewaruhusu raia kuchimba wenyewe. Hivyo wachimbaji, wale tunaowaita wakreseri, wakachukua mahali pa kampuni: koleo, nyundo, taa ya kichwani.

Kisha ikaja homa ya koltani ya mwisho wa mwaka 2000. Bei ikapanda mara kadhaa kwa miezi michache, vijana wakaacha shule na mashamba, na mwaka 2001 ikaanguka. Huko Walikale, kilima cha Bisie kikajaa watu. Mizigo ilibebwa mgongoni kwa mwendo mrefu katika msitu, na ndege zikatua juu ya lami pale Kilambo kuichukua kwenda Goma. Mwaka 2010 rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa wadogo katika Kivu zote mbili na Maniema kwa miezi kadhaa, na familia nyingi zikakosa chakula. Tangu mwaka 2019 kampuni ya Alphamin inachimba Bisie kwa mashini. Tini yake, inayounganisha nyaya katika vifaa vya umeme vya magari na simu, huondoka ikiwa bado mchanga mzito na huyeyushwa nje ya nchi. Mwezi wa Machi 2025, M23 walipofika Walikale-kati, kazi ilisimama kwa muda.

Na Rubaya, tangu mwisho wa Aprili 2024, iko mikononi mwa AFC/M23. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika katika ripoti zao juu ya kodi zinazotozwa na njia ambazo koltani inapita. Mashimo yameporomoka juu ya watu mara nyingi. Februari 2025 kambi zilizozunguka Goma zilivunjwa, na wengi wenu mlirudi kwenye vijiji ambavyo havikuwa tayari kuwapokea.

Nusu isiyolipwa

Sasa turudi kwenye kile kifuko. Mnunuzi anapopima koltani, kwa kawaida anauliza asilimia ya tantali. Bei inafuata tantali. Niobiumu iliyomo, ambayo katika koltani ya Afrika ya Kati mara nyingi si ndogo, haina bei katika hesabu ya mchimbaji. Inasafiri bure. Kiwanda kinachotenganisha baba na binti kinaweza kuiuza baadaye.

Niobiumu ni rahisi kuliko tantali mara kadhaa, kwa hiyo kulipwa kwa nusu hiyo hakungemfanya mtu yeyote kuwa tajiri. Jambo kubwa ni lingine: mchimbaji hajui kilichomo ndani ya mzigo wake. Anayejua ni yule mwenye mashini ya kupima. Mwenye kipimo ndiye mwenye bei. Hivyo ndivyo ilivyo kwenye kontuari, na hivyo ndivyo ilivyo kati ya Kivu na viwanda vya dunia.

Kwa hiyo kwa wenzetu walio katika vyama vya wachimbaji, siku ambayo kazi itafanyika tena kwa sheria na kwa amani, ombi la kwanza lisiwe bei tu. Liwe karatasi ya kipimo, inayoonyesha tantali ngapi na niobiumu ngapi, na nakala yake ibaki kwa mchimbaji. Na maabara ya kupima iwe mahali ambapo kijana aliyesoma kemia Masisi au Walikale anaweza kufanya kazi.

Chuma hicho kinaporudi kwetu

Kuna jambo moja zaidi, na hili halingoji amani. Chuma kigumu kimekwisha kufika kwetu. Magari yaliyotumika yanayotoka Japani na Ulaya kupitia Mombasa na Dar es Salaam yana mifupa ya chuma hicho: nguzo za pembeni ya milango, nondo ndani ya milango, sehemu za chini. Wanafunzi wengi wa garaji walifundishwa na magari ya zamani. Nguzo ikipinda wanawasha moto wa gesi, wanapasha mpaka iwe nyekundu, wanainyoosha kwa nyundo. Kwa chuma laini ilikuwa sawa.

Kwa chuma kilichopozwa ndani ya kalibu, moto ule unafuta kazi yote ya kiwanda. Nguvu ilitoka katika kupozwa kwa ghafula. Ukikipasha tena na kukiacha kipoe polepole, kinarudi kuwa laini. Kwa macho nguzo imenyooka na rangi inang'aa, lakini siku gari litakapobingirika kwenye mteremko kati ya Sake na Masisi, haitashika. Shasi za kamio nyingi nazo watengenezaji wanakataza zipashwe moto au zitobolewe ovyo kwenye kingo, kwa sababu ufa huanzia hapo, hasa zikibeba magunia ya maharage na watu juu yake.

Fundi anaweza kuitambua sehemu ya namna hii: msumari wa kutobolea unateleza au unakufa haraka, na nyundo inarudi bila kuacha alama kubwa. Akikuta hivyo, asitie moto. Sehemu iondolewe na kuwekwa nyingine nzima. Mwenye gari atalalamikia bei, lakini abiria ndio watakaolipa tofauti.

Ndugu wasikilizaji, jiwe ambalo mtoto wa Rubaya alilitoa gizani, na tini ambayo mtoto wa Walikale aliibeba msituni, vinaweza kuwa vimo ndani ya vifaa vya umeme vya gari lile linalowapita kwenye vumbi. Hilo ni kweli na ni haki yetu kulisema. Lakini kilichogeuza mawe kuwa utajiri kule Araxá na bati kuwa ulinzi kule Uswidi ni watu waliojua gramu ngapi, joto gani na sekunde ngapi. Kwa hiyo watoto wa wahami wanaokaa nje ya shule kwa mwaka wa pili au wa tatu ni hasara kubwa kuliko kifuko chochote kilichovuka mpaka usiku. Shule ya ufundi moja kule Nyabiondo, Masisi-kati au Walikale, yenye ghushi nzuri, mwalimu wa kemia na mizani isiyodanganya, ni dai ambalo kila mzazi anaweza kulipeleka kwa kila anayejiita kiongozi, yeyote yule, na kuuliza jibu.

Na ninyi wenye wazee waliokuwa wahunzi zamani, waulizeni mapema jinsi walivyojenga tanuru na kuchagua makaa, mkaandike. Tutayasoma hapa na kuyasema redioni.